Shamba la Ndani ya Televisheni

Gemu ile watu wa Dandora, Nairobi, walikuwa wameikataa kabla Muthoki hajaiona. Ilifika ndani ya katoni ya mitumba pamoja na mashine mbili kuukuu na nyaya zilizofungana mafundo. Siku Wakoli alipoichomeka kwenye mojawapo ya televisheni nne za kibanda chake cha Phase Four, vijana waliokuwa wakingoja zamu waliitazama dakika tano wakaanza kupiga miayo. Haina bunduki, haina mpira, haina adui wa kupigwa mateke. Ni mwanamume mmoja mwenye kofia, shamba lililojaa magugu, jembe, ndoo ya kumwagilia, na ng'ombe anayetaka kusalimiwa kila asubuhi, la sivyo ananuna. Maandishi yote ni ya Kijapani. Vijana wakauliza hapa mtu anashinda vipi, kumbe hapo hashindi mtu. Unalima, unalala, kunakucha, unalima tena.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Muthoki alikwenda pale kuchukua redio ya baba yake, kwa sababu Wakoli kabla ya kuwa mtu wa gemu alikuwa fundi wa redio, na ufundi wenyewe hakuuacha. Redio ilikuwa imebakiza skrubu mbili. Akaambiwa aketi kidogo. Akaketi mbele ya televisheni ya pembeni isiyokuwa na mtu, akakishika kibonyezo bila kufikiria, akang'oa gugu moja. Akang'oa la pili. Alipoinuka, saa mbili zilikuwa zimepita, na redio akaisahau mezani, ikabidi arudi Jumatatu kuifuata.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye magugu. Wewe ukitaka ya kuanzia kwenye harusi za watu, mtafute mwingine, si Muthoki.

Wakoli alizoea kujigamba kwamba anamjua mtu kwa gemu anayoichagua. Wengi, alisema, hawawezi kukaa na kitu kisicho na mwisho. Wakinyimwa mshindi wanaumwa kichwa. Wachache sana ndio wanaotaka tu mahali pa kwenda. Muthoki hakujua yeye ni wa upande gani. Aliona haya pia, mwanamke wa miaka ishirini na sita, karani wa ghala la mbao kule Kariobangi, kukaa kwenye benchi akimwagilia kabichi za uongo. Akajipa Jumamosi tatu za kujipima. Ya kwanza akasema ni upuuzi mtupu. Ya pili mvua ilinyesha mle ndani ya gemu, mimea ikanywa yenyewe, akajikuta ana furaha mpaka usiku bila kujua ya nini. Ya tatu alikuwa mlangoni kabla Wakoli hajafungua kufuli.

Sababu yake aliijua, ila hakuisema kwa watu. Alizaliwa Pumwani, mtoto wa tano kati ya saba, nyumba ya vyumba viwili. Tangu utotoni hakuwahi kuwa na kitana kilichokuwa chake peke yake. Ukiweka kitu hapa, ukirudi kiko pale, na aliyekihamisha hajulikani. Lakini kabichi aliyoipanda kwenye gemu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo aliikuta palepale alipoiacha. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna aliyemtuma dukani. Kabla ya kuzima, yule mtu wa kofia anaandika kwenye daftari kando ya kitanda chake, na siku yote inahifadhiwa. Muthoki alipenda sana lile daftari.

Naye Wakoli akampenda mwenye kulipenda. Alikuwa akimtazama kwa wizi, si usoni, kwenye kioo cha televisheni ya jirani iliyozimwa, ambamo uso wa Muthoki ulionekana umeinama na midomo ikitembea kidogo kila alipohesabu mistari ya viazi. Muthoki alijua anatazamwa. Akawa anajipaka mafuta ya midomo kabla ya kuingia, kisha anajifanya hana habari. Wiki ya tano, mteja mmoja akaiomba ile kaseti ya shamba ili aikejeli na wenzake. Wakoli akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nzito MBOVU, akakibandika juu yake. Tangu siku hiyo kila aliyeiomba alionyeshwa karatasi. Kaseti nzima kama yai, imekaa miezi saba ikiitwa mbovu ili shamba la Muthoki lisiguswe na mtu. Siku moja Muthoki akaligundua hilo. Alikwenda nyumbani kwa miguu mpaka Pumwani akitabasamu peke yake barabarani.

Kwao haikuwa rahisi. Baba yake, Mzee Muasya, mchongaji wa vinyago, hakutaka kusikia habari za Bungoma, kwao Wakoli. Si kwamba aliwachukia Wabukusu wa huko. Alifanya kazi na mmoja benchi moja miaka kumi. Alichochukia ni umbali. Alisema akitaka kumwona mwanawe hataki kulala ndani ya basi. Wakoli alipokuja kujitambulisha, mzee aliuliza swali moja tu, akilichonga sikio la twiga wake bila kuinua macho. Atakuweka wapi? Muthoki ndiye aliyejibu, akasema watakaa Dandora, kwenye chumba cha nyuma ya kibanda. Wakoli alikuwa ameketi kando yake na kikombe cha chai mkononi. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na siku ya ntheo ikawekwa.

Ntheo ni mbuzi watatu wanaoletwa na upande wa mume, na Wakamba, watu wa kina Muthoki, wasipowaona mbuzi hao hawamhesabu binti kuwa ameolewa, hata azae watoto saba. Muasya alianza kujenga zizi dogo nyuma ya nyumba kwa mabaki ya mbao zake, mzee aliyekataa akawa ndiye mwenye haraka. Zikabaki siku saba.

Jumamosi hiyo, siku saba kabla ya mbuzi, Muthoki alitoka kazini saa saba akaenda moja kwa moja Phase Four. Alikuta kibanda hakina wateja na mlango umerudishwa nusu. Ndani kulikuwa na mwanamke mnene mchangamfu aliyemkumbatia kabla ya salamu kumtoka mdomoni. Alikuwa Nabiswa, dada mkubwa wa Wakoli, amefika Alhamisi kutoka Chwele, kwao huko Bungoma, kwa ajili ya safari ya mbuzi. Akamwita wifi mara tatu kwa pumzi moja, akamgeuza huku na huku, akamsifu kimo. Kisha akafungua leso iliyokuwa benchini akatoa jembe.

Jembe jipya, lenye mpini mpya. Nabiswa alieleza kwamba Mama yao mwenyewe ndiye aliyeuchagua mti na kuukata, akaulainisha jioni kwa jioni mlangoni kwake, mpini mfupi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu Wakoli aliandika kuwa mchumba wake anamfika begani. Muthoki akaupokea. Ni binti wa mchongaji, mti anaujua kwa kiganja. Mpini ule ulikuwa umeshughulikiwa na mtu mwenye subira, haukuwa na kikwaruzo hata kimoja, na ulimtosha kana kwamba walimpima.

Alishukuru, tena kwa moyo. Akadhani ni mila ya kwao, zawadi ya kuning'iniza ukutani.

"Mama magoti yamemwisha, wifi," Nabiswa akasema. "Lakini ile barua iliposomwa, kwamba Wakoli amepata msichana wa Nairobi anayeacha starehe zote za Jumamosi akalime, tulimwona anasimama bila fimbo. Wazee walikuwepo. Walisema huyo ni binti wa aina gani, na mji wote ule. Mama amekutengea kipande nyuma ya nyumba, na ng'ombe wawili juu ya huyo mmoja wako."

"Ng'ombe wangu?"

"Si uko naye hapa? Na kabichi na viazi. Wakoli ameandika kila kitu." Nabiswa akajifunga leso vizuri. "Hata mimi nimesema sirudi kabla sijakiona hicho kishamba chenyewe. Kiko wapi, ni huko kando ya mto?"

Muthoki akamtazama Wakoli. Wakoli alikuwa ameinama akikaza skrubu kwenye redio ambayo haikuwa na skrubu iliyolegea. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho.

Nabiswa si mtoto. Aliutazama uso wa huyu, akautazama wa yule, akasema anakwenda kwa Everline, mama wa kanisani kwao aliyekaa nyumba ya pili, kuomba chai. Akaondoka bila kuifunga ile leso ya jembe iliyobaki benchini.

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi kwenye ukuta. Muthoki alibaki amesimama na jembe mkononi kwenye kibanda cha gemu, na kama pangekuwa na mtu wa kucheka, hapo ndipo pa kucheka. Yeye hakucheka.

"Uliwaandikia kwamba mimi ni mkulima," akasema.

"Niliandika kwamba kila Jumamosi unalima. Sikudanganya, Muthoki. Nilichosahau ni kusema unalimia wapi."

"Ulisahau."

Wakoli akaiweka bisibisi chini. "Mwanzo niliandika kwa utani. Nilitaka Mama akupende. Akajibu anauliza ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Na hiki kipande cha nyuma ya nyumba, nitakilima mimi nikiwa Dandora?"

Wakoli akaiokota tena bisibisi, na hapo Muthoki akayajua yote. Akaketi kwenye benchi, jembe mapajani.

Wakoli akaanza kueleza. Alieleza vizuri pia, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo kitandani usiku mwingi. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye hurithi boma la mama. Kaka zake wamejenga mbali. Baba mdogo amekwisha sogeza mpaka mara mbili tangu msiba wa baba, na kila msimu anapita pale akiuliza nyumba hii mbona haina moshi wa mke. Mama akizidiwa kabla hajaingia mke wa kukaa naye, shamba limekwenda, na kaburi la baba liko ndani yake. Kibanda hawezi kukifunga, ndicho kinachomlisha huyo mama. Kwa hiyo alifikiria. Muthoki atakaa Chwele na Mama. Yeye atakuwa anakuja.

"Lini?"

"Krismasi. Na wakati wa kuvuna."

"Mara mbili kwa mwaka."

"Na kukiwa na mazishi," Wakoli akasema, na alisema kweli, hakuwa anafanya mzaha, maskini.

Muthoki akaitazama mikono ya Wakoli. Alimpenda mtu huyu. Aliipenda mikono yake yenye makovu ya risasi moto ya kuchomelea nyaya, na jinsi anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Alikuwa amekwisha hesabu pazia za chumba kile cha nyuma, ngapi na za rangi gani.

"Baba aliuliza utaniweka wapi," akasema. "Lilikuwa swali moja tu. Mimi nikajibu Dandora. Wewe ulikuwa hapa, na mimi hapa. Ulikunywa chai, Wakoli. Uliongeza na sukari."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungekataa."

"Kwa hiyo ulitaka nikatae lini? Nikishafika?"

Wakoli akavuta stuli akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana. Akamshika mikono, jembe likiwa katikati yao. "Nimekutazama miezi minane," akasema. "Hujawahi kuacha hata mche mmoja ukauke. Ulikuwa na homa ya malaria ukaja hapa umejifunika shuka, ukamsalimia ng'ombe ndipo ukaenda hospitali. Mimi shamba siliwezi, nilikimbia Chwele nikiwa na miaka kumi na saba kwa sababu hiyo. Lakini wewe una moyo huo. Nilikuona nikasema Mungu amenijibu. Utazoea, Muthoki. Mama pia hakuzaliwa akipenda. Alizoea."

Hebu niambieni mtu wa namna hii utamtukana vipi. Muthoki alitamani awe mwongo mbaya, mlevi, mwenye mwanamke mwingine mtaa wa Umoja, ili ampige kofi aende zake. Lakini alikuwa ni Wakoli tu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Akaitoa mikono yake taratibu. Akalisimamisha jembe kwenye kona ya ukuta, polepole lisianguke, kwa heshima ya yule mama aliyelilainisha. Akaenda kwenye televisheni ya pembeni akaiwasha.

Kaseti ile huhifadhi mashamba mawili. La kwanza ni la Muthoki. La pili lilikuwa la Wakoli. Alilianzisha zamani za mwanzo, apate cha kuzungumza naye, na hajalitaja tena. Muthoki hakuwahi kulifungua. Siku hiyo akalifungua.

Kulikuwa na theluji. Shamba lilikuwa limejaa mabua makavu na magugu mpaka mlangoni. Ng'ombe alikuwa amelala kwenye zizi, hakuinuka alipokaribiwa. Lakini nyumba ilikuwa kubwa, kubwa kuliko ya Muthoki, yenye jiko, na jikoni alikuwa amesimama msichana mwenye gauni la samawati.

"Umeoa," Muthoki akasema.

Wakoli akaona aibu kidogo. "Ah, huyo ni yule wa duka la mbegu. Nilimpelekea maua siku arobaini mfululizo, nikawa nalala mapema ili siku ziishe haraka. Nilikuwa nataka tu nione kama inawezekana."

Muthoki akamsogeza yule mtu wa kofia mpaka jikoni. Akabonyeza. Msichana akasema mstari mmoja wa Kijapani. Akamlaza mtu wa kofia, kukakucha, akarudi jikoni, akabonyeza tena. Muthoki hakujua kusoma herufi hata moja ya lugha ile, lakini miezi minane ilikuwa imemfundisha kuzitambua kwa sura. Zilikuwa zilezile. Akamlaza tena, akamwamsha tena. Zilezile, mpaka kale kanukta ka mwisho.

"Anasema nini?"

"Sijui. Husema hivyohivyo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nimuoe," Wakoli akasema. "Kabla ya hapo alikuwa na maneno mengi, kila siku jambo jipya. Akishaolewa hana maneno mengine. Pale ni kama gemu imekwisha, ndiyo maana nikaiacha."

Aliyasema hivi hivi, kama mtu anayeeleza mashine. Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Muthoki aliuona uso wake kwenye kioo cha ile televisheni ya jirani iliyozimwa, ambamo zamani Wakoli alikuwa akimtazama yeye, akaona jinsi mdomo wake ulivyobaki wazi.

"Hii ni gemu, Muthoki," akasema. "Usifanye hivyo. Huyo ni mchoro."

"Najua ni gemu. Ni wewe uliyeipeleka Chwele kwa barua." Akageuka kumtazama ana kwa ana. "Nikuulize. Mimi mle ndani ni nani?"

"Ni wewe."

"Nionyeshe. Ninapocheza, mimi ni yupi?"

Wakoli akatazama kioo. Akanyoosha kidole bila nguvu, akamwonyesha yule mwenye kofia.

"Basi," Muthoki akasema. "Mimi ndiye mwenye shamba. Natoka nikitaka, narudi nikitaka. Nikipanda kabichi ni kabichi yangu, nikitaka nisipande ni ardhi yangu inapumzika. Hujawahi kuniona hata siku moja nikiwa yule wa jikoni. Wewe uliona jembe mkononi mwangu ukadhani ni jembe ninalolipenda."

"Huko nyumbani pia pangekuwa pako."

"Hati ina jina la nani?"

"La baba."

"Na baada ya baba?"

Wakoli akakohoa. "Langu."

"Kuku mmoja, Wakoli. Ningekuwa na kuku mmoja ambaye nikitaka kumuuza simwulizi mtu?"

Alifikiria. Kwa haki yake, alifikiria kweli, Muthoki akamwona akizunguka lile boma akilini, kuku kwa kuku. Kisha akainamisha kichwa.

"Nakupenda," akasema.

"Najua. Hapo hujawahi kunidanganya."

"Mwaka mmoja tu. Hadi mpaka wa shamba utulie. Halafu nakuleta hapa, naapa mbele ya Mungu."

"Yule wa duka la mbegu ulimwambia miaka mingapi?"

Neno hilo lilimchoma, na Muthoki alipoona limemchoma, likamchoma na yeye. Akataka kulirudisha. Akasema kwa sauti nyingine, sauti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya chumba cha nyuma na pazia zake, kwamba Wakoli angemwambia mwezi wa kwanza, wakati ule wa mvua za mle ndani, huenda wangekaa wakatafuta njia pamoja. Huenda angekwenda hata kumwona huyo mama, akalijaribu hilo shamba la kweli kama alivyolijaribu hili, Jumamosi tatu za kujipima, alikatae ama alipende mwenyewe. Wakoli akashika kichwa kwa mikono miwili. Sasa pamekwisha somwa barua mbele ya wazee, mpini umekatwa, na mbuzi wamefungwa kamba. Sasa Muthoki akienda huko, anakwenda akiwa ni mtu mwingine aliyetungwa na Wakoli, na atalazimika kuwa mtu huyo kila asubuhi maisha yake yote.

"Mwambie Dada Nabiswa ukweli," Muthoki akasema. "Asiende kutafuta kishamba kando ya mto, ataaibika. Na mbuzi wasije."

"Muthoki."

"Wasije."

Akaizima mashine akaitoa kaseti. Karatasi ya MBOVU ilikuwa imefifia, pembe zake zimekunjamana. Akaibandua taratibu, akaitia mkobani, akaiweka kaseti kwenye rafu ya mbele pamoja na zile za mpira na za bunduki.

"Mtu akiiomba, mpe," akasema.

Wakoli alikuwa amesimama katikati ya kibanda chake, mikono imelegea. Alitaka kusema mengi, ungeona shingoni. Kilichotoka kilikuwa kidogo, tena cha kitoto.

"Na ng'ombe wako? Nani atamsalimia?"

Muthoki alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alisimama hapo, akaushika mwimo.

"Atazoea," akasema, akatoka.

Alikwenda kwa miguu mpaka Pumwani, kama siku ile nyingine. Hakulia njiani. Alipita kwa wauza viazi vya kukaanga na wauza mitumba, akasalimiwa na watu wanaomjua, akaitikia. Kwao alikuta baba yake nyuma ya nyumba amepiga magoti, akigongomea ubao wa mwisho wa zizi. Kamba tatu zilikuwa tayari zimefungwa kwenye nguzo, kila moja na kitanzi chake.

"Baba," akasema, "uliuliza ataniweka wapi. Nilikujibu vibaya. Sikujua."

Mzee Muasya akashusha nyundo. Alimtazama bintiye, na Muthoki akangoja aambiwe si nilikwambia, maana alikuwa na haki nalo neno hilo. Mzee hakulisema. Aliinuka kwa shida, akaenda kwenye nguzo, akaanza kuzifungua zile kamba moja moja, akizikunja kwenye kiwiko. Alisema tu kwamba ni kamba nzuri, hazitakosa kazi.

Mama yake ndiye aliyemfuata ndani. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda wanacholalia watatu, amefungua mkoba kutafuta leso, na mkononi ana kipande cha karatasi chenye gundi iliyokauka.

"Ni barua yake?" mama akauliza.

Muthoki alifikiria, akaona kwamba ndiyo. Miezi minane, na Wakoli hakuwa amemwandikia neno lingine lolote. Barua zote zilikwenda Chwele. Akampa mama yake.

Mama akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasoma polepole.

"Mbovu," akasema. "Nani huyo mbovu?"

"Hakuna, Mama. Ilikuwa nzima. Alikuwa ananiwekea."

Ndipo alipolia.